Kwa nini nyangumi aote meno tumboni halafu ayafute? Uzi wa viinitete na ukoo wa wanyama

#1 Pingili33

Wakuu, mjadala wa viinitete na mageuzi ya viumbe huwa unakwama kwenye sentensi moja: "Vinafanana, basi asili yao ni moja." Ukiishia hapo umempa mpinzani ushindi wa bure. Papa na pomboo wanafanana umbo, na hakuna anayewaweka kwenye ukoo mmoja wa karibu.

Uzito uko kwingine. Kiinitete, yaani mnyama anayeumbika bado tumboni au yaini, hujenga vitu ambavyo mnyama mwenyewe hatavitumia, kisha huvibomoa au huvipa kazi nyingine. Ukitafuta ni nani anayevitumia vitu hivyo utu uzima wake wote, unawakuta jamaa wale wale ambao visukuku (masalia ya kale yaliyogeuka mawe) na DNA tayari vimewataja.

Nyangumi wanaochuja chakula kwa mabamba hawana jino hata moja wakiwa wakubwa. Kijusi chao kina vichipukizi vya meno kwenye taya zote mbili. Vinaanza kukua, vinafyonzwa na mwili kabla ya kuzaliwa, kisha mabamba yanaota kwenye taya la juu. Ukifungua jenomu yao, yaani DNA yao yote, unakuta jeni za kutengeneza enameli (tabaka gumu la nje la jino) bado zipo, ila zimeharibika.

Pomboo naye: kiinitete cha pomboo madoadoa huchipua miguu ya nyuma, vinundu viwili kabisa pembeni mwa mwili, na karibu na wiki ya 5 vinasimama kukua na kuyeyuka. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kinachokosekana: ukingo wa kichipukizi unawasha jeni ya Fgf8 mwanzoni lakini haidumu, na jeni nyingine, Shh, haiwaki, na bila Shh mguu hauendelei.

Sasa koromeo, ambako ndiko kwenye utajiri. Binadamu wa wiki ya 4 baada ya kurutubishwa ana urefu wa milimita 4 hadi 6, na pembeni mwa shingo ana mikunjo iliyopangana kama vidole. Hayo ni matao ya koromeo. Kwa samaki matao hayo hushika matamvua. Kwetu yanahesabiwa 1, 2, 3, 4 na 6, kwa sababu la 5 ama halitokei ama hutokea kidogo na kupotea. Kila tao lina fimbo yake ya gegedu, ateri yake, msuli wake na neva yake, na neva haibadilishi mwenyeji hata msuli uhame vipi.

Tao la 1 hutoa taya, pamoja na mifupa midogo miwili ya sikio la kati, nyundo na fuawe. Tao la 2 hutoa kikuku, mfupa wa tatu wa sikio hilo, na sehemu ya juu ya mfupa wa ulimi. La 3 hutoa sehemu ya chini ya mfupa huo, na la 4 na la 6 hutoa gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Ndani ya matao kuna mifuko: wa kwanza huwa chumba cha sikio la kati na mrija wake, wa pili tonsili, wa tatu thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) na tezi mbili za paradundumio za chini, vitezi vidogo vya shingoni, wa nne zile mbili za juu. Hivyo tezi za chini zinatoka mfuko wa juu! Zinavutwa na thaimasi inaposhuka kifuani, na daktari wa upasuaji akizikosa mahali pake huanza kuzitafuta kwenye njia hiyo ya thaimasi.

#2 Kokwa

Uzi mzuri, ila naona tunarudi kwenye michoro ya Haeckel, yule Mjerumani aliyechora viinitete vya wanyama mbalimbali vikifanana. Si ilishathibitishwa kwamba alichakachua? Kama ushahidi mkuu ni wa kughushi, kilichobaki ni nini?

#3 Mwanatando

Mkuu Kokwa, Haeckel alikosea kweli na hakuna haja ya kumtetea. Kitabu chake cha 1868 kilitumia picha ile ile mara tatu, moja ikaandikwa mbwa, nyingine kuku, nyingine kobe. Ludwig Rütimeyer akamshika mwaka huo huo. Michoro ya 1874 yenye safu nane, kutoka samaki hadi binadamu, ililinganisha ukubwa wa viinitete visivyolingana na kupunguza tofauti za hatua za mwanzo. Wilhelm His naye akamshambulia. Mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake wakaweka picha halisi kando ya michoro hiyo, na tofauti ikaonekana wazi.

Lakini angalia tarehe. Martin Rathke alieleza mipasuko ya koromeo (mianya iliyo kati ya matao) kwenye viinitete vya mamalia na ndege mwaka 1825. Karl Ernst von Baer aliandika 1828 kwamba ana viinitete viwili kwenye spiriti ambavyo hakuviwekea lebo, na hawezi kusema kama ni vya mjusi, ndege au mamalia. Darwin aliweka hoja ya viinitete kwenye kitabu chake 1859. Haeckel alikuja baada ya wote hao. Ukiichoma michoro yake yote leo, kilichoelezwa na Rathke bado kitaonekana kwa hadubini. Richardson na wenzake wenyewe waliandika 1998 kwamba kosa la Haeckel haliondoi ushahidi wa viinitete kwa mageuzi.

Kinachochekesha ni kwamba von Baer hakukubaliana na Darwin. Alikusanya ushahidi bora kuliko wote halafu akakataa kilichotokana nao.

Kosa la Haeckel lililo kubwa kuliko picha ni nadharia yake, kwamba kiinitete hurudia mababu zake wakiwa wazima kwa mpangilio: kwanza samaki mzima, kisha mjusi mzima, na kadhalika. Hilo si kweli. Binadamu wa wiki ya 4 si samaki na hana matamvua. Ana matao yale yale ambayo kiinitete cha samaki anayo. Kiinitete hulinganishwa na kiinitete, hakilinganishwi na mnyama mzima.

#4 Hadubini_mbili

Kwa walimu na wanafunzi wanaotaka kuona wenyewe, njia rahisi ni yai la kuku. Sharti liwe limerutubishwa. Mayai mengi ya kula hayana jogoo, na hapo ndipo wengi wanapopoteza siku tatu bure. Naweka utaratibu kwa urefu maana maelezo mengi huruka hatua zinazoua kazi.

Hifadhi mayai kwenye nyuzi 13 hadi 16 za Selsiasi, yasizidi siku 7. Yalaze kwa ubavu kwenye inkubeta ya nyuzi 37.5 hadi 38, unyevu karibu asilimia 60. Andika kwa penseli alama juu ya kila yai, kwa kuwa kiinitete huelea upande wa juu na utahitaji kujua ulipo. Saa 33 utapata pingili za mwanzo, yaani somaiti, kama jozi 10. Saa 65 hadi 72 ndipo penye matao ya koromeo, moyo uliojikunja, mkia, na vichipukizi vya mbawa na miguu. Hiyo ni hatua ya 18 hadi 20 kwenye jedwali la Hamburger na Hamilton la 1951, lenye hatua 46.

Kufungua: acha yai limelala bila kuligeuza nusu saa. Toboa upande wa ncha, ingiza sindano ikielekea chini ili usiguse kiini, vuta mililita 3 hadi 5 za ute mwepesi, ziba kwa utepe. Bila hatua hii kiinitete kimegusana na ganda, na mkasi utakipasua. Sasa bandika utepe wa kung'aa juu ya ganda, kata dirisha la sentimita 2. Utepe unazuia vipande vya ganda visidondoke ndani.

Kukitoa: kata kipande cha karatasi ya kichujio chenye tundu katikati kubwa kuliko kiinitete, kilaze juu ya utando wa kiini, subiri kishike, kata utando kuzunguka nje ya karatasi, inua. Kiinitete huja kimeshikwa kama picha kwenye fremu. Kioshe kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37: gramu 7.2 za kloridi ya sodiamu, 0.37 za kloridi ya potasiamu na 0.23 za kloridi ya kalisi (yenye molekuli mbili za maji) kwa lita 1. Ukitumia maji matupu seli hufyonza, huvimba na kupasuka, na ndani ya dakika chache mikunjo ya koromeo imekuwa uji. Hilo ndilo kosa namba moja.

Kosa namba mbili ni mwanga. Kiinitete cha saa 72 kinapitisha nuru, kwa hiyo mwanga wa juu unakigeuza kuwa kivuli cha maziwa. Weka mwanga chini, na kiinitete kikiwa bado ndani ya yai chovya wino mweusi uliozimuliwa mara 10 kwa maji yale yale ya chumvi, udunge chini ya kiinitete. Wino wenye fenoli au shelaki unakiua, soma kibandiko.

Ukikitazama kumbuka kimelalia ubavu wa kushoto, hivyo unachoona ni upande wa kulia. Mipasuko ni mistari mitatu au minne ya giza kati ya jicho na moyo. Maliza kazi kabla ya siku ya 5.

#5 Kokwa

Asante mkuu. Swali: yai likifunguliwa siku ya 8 tayari ni kifaranga, mdomo upo, vidole vipo. Na saa 12 za kwanza kuku ni sahani bapa juu ya kiini, wakati chura ni mpira unaogawanyika mzima. Mbona kufanana kunaonekana katikati tu? Mtu anaweza kusema mmechagua dakika inayowapendeza.

#6 Mwanatando

Ndiyo, katikati. Von Baer alidhani kufanana kuko mwanzo kabisa kisha kunapungua. Sasa inajulikana kwamba mwanzo kuna tofauti kubwa, katikati mnabanana, mwisho mnatawanyika tena. Denis Duboule aliuchora mfano huo 1994 kama chupa ya saa ya mchanga: tumbo pana, kiuno chembamba, tumbo pana.

Na hakuna aliyechagua kwa jicho. Mwaka 2010 kazi mbili zilitoka pamoja zikipima jeni zinazowaka kila hatua. Moja ilitumia spishi sita za nzi wa matunda na kukuta uwakaji wa jeni unafanana zaidi katikati ya ukuaji. Nyingine ilitumia samaki pundamilia na kukuta kwamba jeni zinazowaka hatua ya katikati ndizo zenye asili ya kale zaidi. Mashine haijui matao ya koromeo ni nini.

Sababu ya mwanzo kutofautiana ni kiini cha yai. Yai lenye kiini kingi haliwezi kugawanyika lote, seli zinakaa juu kama sahani: kuku, mjusi, samaki wengi. Yai la mamalia wa kondo la nyuma ni dogo, halina kiini cha maana, linagawanyika lote. Halafu angalia kinachofuata. Kiinitete cha binadamu, kikiwa hakina kiini cha kulalia, kinajilaza kama sahani bapa na kuchora mstari wa katikati kana kwamba chini yake kuna kiini kama cha kuku. Kina hata mfuko wa kiini, mtupu, unaotumika kutengeneza seli za kwanza za damu. Na jeni za vitelojenini, protini inayojaza kiini cha yai la kuku, zipo kwenye DNA yetu zikiwa mabaki yaliyokufa, mahali pale pale zinapokaa kwa kuku. Kinyamadege, mamalia anayetaga, amebakiwa na moja inayofanya kazi.

#7 Gegedu

Rekebisho dogo kabla watu hawajachanganyikiwa: wiki za kiinitete na wiki za kliniki hazilingani. Kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, vitabu vya viinitete huhesabu tangu kurutubishwa. Tofauti ni kama wiki 2. Mtu akisoma "wiki ya 4" kisha akaangalia picha ya wiki ya 4 ya kliniki hataona tao lolote, na atarudi hapa kusema mmemdanganya. Tumieni hatua za Carnegie, zinazopanga viinitete vya binadamu kwa umbo lao; ziko 23 hadi siku ya 56. Matao na mkia vinaonekana vizuri hatua ya 13 hadi 16.

#8 Jukwaa

Naomba nipinge kidogo. Fundi akijenga ghorofa anaweka jukwaa la miti, na akimaliza anabomoa. Jukwaa si ushahidi kwamba nyumba ilikuwa ya miti. Notokodi ya binadamu, ile fimbo laini ya mgongoni mwa kiinitete, hupotea karibu yote, lakini bila notokodi uti wa mgongo haujengeki. Sasa kwa nini tuite hilo mabaki ya ukoo na si kifaa cha ujenzi? Na vifaa vinavyofanana vinaweza kutoka kwa mbuni mmoja.

#9 Pingili33

Mkuu Jukwaa, hoja nzito hii, na nusu yake nakubali. Notokodi ina kazi: hutoa ishara ya Shh inayoelekeza mrija wa neva (unaogeuka ubongo na uti wa neva) juu yake. Mfereji wa figo ya kati nao una kazi, kwani kwa mwanamume ndio unaogeuka mrija wa kupitisha mbegu. Vitu vya namna hii havifutiki hasa kwa sababu vingine vimejengwa juu yake. Hilo linaeleza kwa nini vimedumu. Halielezi kwa nini kifaa kiwe fimbo ile ile ambayo amfioksasi, mnyama mdogo wa baharini anayefanana na samaki, anaitumia kama uti wake maisha yake yote.

Jukwaa pia lina sifa moja: linafuata nyumba. Ukibadili ramani, jukwaa linabadilika. Hapa ramani imebadilika na jukwaa limebaki la zamani, hata pale linapoleta hasara. Neva ya zoloto inayorudi ndiyo mfano wangu. Ni tawi la neva ya vagasi na inahudumia tao la 6. Kwenye kiinitete inapita moja kwa moja chini ya ateri ya tao hilo, njia fupi kabisa. Kisha shingo inarefuka, moyo unashuka kifuani na ateri zake, na neva imenaswa chini yake. Kushoto inabaki imezunguka upinde wa aota. Kulia, ateri ya tao la 6 inafifia upande wa nje, neva inateleza juu hadi ateri ya tao la 4, ambayo ndiyo mwanzo wa ateri ya kulia ya chini ya mtulinga. Ndiyo maana kushoto na kulia zinazunguka mishipa tofauti. Kwa twiga safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mita kadhaa, kwa umbali wa sentimita chache kati ya ubongo na zoloto.

Sasa jaribu kutabiri. Kama maelezo haya ni sahihi, mtu ambaye ateri ya tao la 4 la kulia ilipotea tumboni atakuwa na neva ya kulia isiyozunguka chochote, itakayokwenda moja kwa moja kwenye zoloto. Watu hao wapo, pungufu ya 1 kwa 100 hivi. Ateri yao ya kulia ya chini ya mtulinga huanzia mwisho wa upinde wa aota na kupita nyuma ya umio, na neva yao inakwenda moja kwa moja. Daktari anayepasua tezi dundumio asipojua hilo anaweza kuikata akidhani ni mshipa mdogo, na mgonjwa akaamka sauti imekauka.

#10 Gegedu

Kwenye "mbuni mmoja" niongeze jicho. Jicho la pweza na letu yanafanana sana yakikamilika: lenzi, chumba, retina. Yakifuatwa tangu mwanzo yanaachana. Retina yetu ni sehemu ya ubongo iliyochomoza nje, ndiyo maana nyaya zake zimepita mbele ya seli za nuru na tuna doa pofu. Ya pweza inakunjwa kutoka kwenye ngozi, nyaya ziko nyuma, doa pofu hakuna. Vifaa vinavyofanana, ujenzi tofauti, na pweza yuko mbali nasi kwenye mti wa ukoo.

Geuza upande wa pili: watu wazima tofauti kabisa, ujenzi mmoja. Chaza-mwamba, wale wenye ganda jeupe wanaogandamana na mawe na matumbo ya meli, mtaalamu wa wanyama Cuvier aliwahesabu pamoja na konokono. John Vaughan Thompson akafuatilia lava wao (mtoto kabla hajageuka umbo la mkubwa) na 1830 akatangaza kwamba ni jamaa wa kamba na kaa. Sakulina ni zaidi: akiwa mkubwa ni mfuko wenye mizizi ndani ya kaa, hana mguu, hana kinywa. Lava wake ana miguu yenye pingili na jicho moja, ni krasteshia (kundi la kamba na kaa) asiye na shaka. Mwaka 1866 Kovalevsky akafanya hivyo hivyo kwa tunikata, vifuko vinavyochuja maji baharini: lava ana notokodi na mrija wa neva mgongoni, kisha anajibandika kwenye mwamba na kuvimeza vyote. DNA imekuja baadaye ikawaweka karibu nasi kuliko amfioksasi.

#11 Mwanatando

Tahadhari moja ili tusipendelee upande wetu. Lava naye anabadilika, hafungwi na ukoo. Kuna aina mbili za urchini wa bahari wa jenasi Heliocidaris, wakubwa wao wanafanana mno, lakini mmoja ana lava wa kuogelea mwenye mikono na mwingine amefuta hatua hiyo, anakua moja kwa moja kutoka yai kubwa. Chura koki wa Puerto Rico hana kiluwiluwi, anatoka yaini ana miguu minne. Kwa hiyo kiinitete kimoja pekee hakitoshi kupanga ukoo. Unalinganisha hatua nyingi, kisha jeni, kisha visukuku, na unaangalia kama vinasema kitu kimoja.

#12 Kokwa

Basi nipeni sehemu moja ambapo vitatu vinakutana. Moja tu, kwa undani.

#13 Pingili33

Sikio la kati.

Kiinitete: mwaka 1837 Reichert alifuata gegedu ya tao la 1 kwenye viinitete na kuona ncha yake ya nyuma inageuka nyundo, na kipande cha juu yake fuawe. Kwa mijusi vipande hivyo hivyo ndivyo bawaba ya taya. Yaani mfupa uliotafuna kwa mjusi unasikia kwetu. Mtoto wa oposamu anazaliwa mapema mno, na wakati huo bado bawaba ya taya lake iko kati ya nyundo na fuawe. Ananyonya kwayo, kisha vinajitenga na kwenda sikioni.

Visukuku: kiungo cha zamani hakikuweza kuachwa kabla kipya hakijakuwepo, hivyo lazima kulikuwa na mnyama mwenye vyote viwili. Morganucodon, wa kama miaka milioni 205 iliyopita, ana viungo viwili vya taya vilivyokaa sambamba. Yanoconodon wa China ana mifupa ya sikio ambayo bado imeshikwa kwenye taya na gegedu hiyo ya tao la 1 iliyogeuka mfupa.

Neva: ndani ya sikio lako kuna misuli miwili midogo inayopunguza sauti kali. Mmoja unavuta nyundo, mwingine unavuta kikuku, na kati yao kuna milimita chache. Ungetarajia neva moja. Wa nyundo unaendeshwa na neva ya 5, neva ya kutafuna, kwa sababu nyundo ni ya tao la 1. Wa kikuku unaendeshwa na neva ya 7, neva ya uso, kwa sababu kikuku ni cha tao la 2. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja wa uso mara nyingine hulalamika kwamba sikio la upande huo linasikia kelele kupita kiasi. Neva ya uso ikiumia juu ya tawi la kikuku, msuli huo unalegea. Ikiumia chini yake, uso unapooza na sikio linabaki salama. Daktari anaweza kukisia jeraha liko wapi kwa kuuliza swali hilo tu.

#14 Jukwaa

Hapo kwenye oposamu nimenyoosha mikono. Ila mkia hamjaugusa.

#15 Gegedu

Mkia wa binadamu hufikia pingili 10 hadi 12 kati ya hatua ya 14 na 16, kisha seli zake hujiua kwa mpango na kufikia wiki ya 8 umebaki kifandugu. Mwaka 2024 ilichapishwa sababu inayoelekea: kipande cha DNA kiitwacho Alu kilijibandika ndani ya jeni ya TBXT kwa babu wa nyani wasio na mkia, kama miaka milioni 25 iliyopita. Sokwe, gorila, orangutani, giboni na binadamu wote wanacho mahali pale pale. Tumbili wenye mikia hawana. Kinafanya jeni irukwe kipande kimoja inaposomwa. Panya waliotengenezwa wawe na hali hiyo walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia, na baadhi yao mrija wa neva haukufunga vizuri kwa chini. Hilo la mwisho linafaa uzi wake peke yake, kwani hitilafu hiyo hiyo huonekana kwa watoto wa binadamu.